Leso ya Siku ya Nane

Tangu nirudi, kila anayenikuta sokoni ananiuliza Landani kulikuwaje, na kila mmoja nimemjibu nusunusu kwa kuwa jua kali na mboga zinanyauka mkononi. Sasa nimeketi niwaandikie yote mara moja. Habari za viza na foleni za ubalozini nitaziruka, mnazijua. Nitaeleza njia yenyewe, watu niliokutana nao, na mahali nilipokosea, maana najua Daudi mwanangu ameshawapigia simu akawapa habari za upande wake.

Mnanijua mimi Esta ni mchora leso. Miaka thelathini nimechora mapindo na kutunga majina, na wanawake wa Mombasa wamejifunga kazi yangu bila kujua kuwa aliyeichora ni Myahudi wa Kizingo, binti wa fundi saa aliyekimbia Ujerumani. Mnajua pia kuwa mimi ni mtu wa shaka. Marehemu mume wangu alisema chai nainusa mara mbili, mara ya kwanza kikombe na mara ya pili aliyeileta.

Baba alikuja na desturi moja ya kijiji chao. Mtoto wa kiume akitahiriwa siku ya nane, kile kitambaa alichofunikwa hakitupwi. Hukatwa vipande vinne virefu, vikaungwa kimoja kwa kimoja hadi viwe mkanda, na juu yake jina la mtoto likachorwa kwa Kiebrania pamoja na dua: akue katika Torati, aoe, atende mema. Akifika miaka mitatu hupelekwa sinagogi, na mkanda wake ukafungwa kwenye gombo la Torati. Mkanda wa baba uliteketea pamoja na sinagogi lao. Mpaka anakufa aliusema kama mtu anavyomsema ndugu aliyepotea.

Basi mjukuu wangu Yona alipokaribia kuzaliwa huko Landani, nilitandaza pamba mpya uani nikachapa leso kwa mkono. Ndiyo leso ya kwanza maishani mwangu niliyoichora bila kumfikiria mwenye duka. Pindo ni la korosho, mji, yaani uwanja wa katikati, umejaa samaki wa kwetu waitwao changu, na jina lake nikaandika: SIJAKUONA, NIMEKUFUNIKA. Kwa mazoea nilichapa jozi, vipande viwili vimeshikana, maana nani alipata kuona leso ya kipande kimoja? Nikaituma jozi nzima Landani, na hapo ndipo nilipojichimbia shimo.

Baada ya tohara wakanirudishia kipande kimoja kwa posta. Kilikuwa safi mno. Hakikuwa na doa wala harufu ya mtoto, na mikunjo ilisimama kama ya dukani. Nilipiga simu mara tatu kumwuliza Naomi, mke wa Daudi, kama hicho ndicho alichofunikwa mtoto. Mara zote tatu alinijibu kwa ule upole wa Kiingereza kwamba ndiyo, bila shaka, na mama yake Barbara ananisalimu sana. Salamu hizo sikuzipenda. Hata hivyo nilikikata, nikakiunga, nikakaa miezi sita nikikichora, na sijapata kufanya kazi nzuri kuliko ile. Lakini kama siyo nguo iliyomgusa mtoto siku ile, basi ni pambo tu, na jina nililoliandika ni uongo. Nilisafiri kuupeleka mkanda, na nilisafiri kuuliza ana kwa ana.

Nairobi hadi Kairo

Nilipanga kufika Alhamisi asubuhi. Sherehe ilikuwa Jumamosi, na siku ya Sabato sisi hatubebi kitu barabarani, hata kitambaa cha kufutia pua. Kwa hiyo mkanda ulitakiwa uwe umeshafika sinagogi kabla jua la Ijumaa halijazama. Nilijiona nina siku mbili za kuchezea.

Ndege ikatushusha Kairo kujaza mafuta na haikuondoka. Kwanza walisema saa moja, halafu mbili, kisha wakatupeleka hotelini na kutupa maharage ya kusagwa na mkate. Maharage nilikula, baada ya kumwuliza mpishi kwa ishara kama yamepikwa na nyama, naye akanijibu kwa ishara ambayo mpaka leo sijui kama ni ndiyo au ni matusi. Mkanda nilikuwa nimeuviringisha ndani ya shuka na kuukumbatia. Mama mmoja muuguzi kutoka Kisii, tuliyekaa viti vya jirani, akajitolea kunishikia mzigo niende msalani. Nikamshukuru nikaenda nao. Niliporudi alikuwa amenihifadhia chungwa. Nililila, lakini nililimenya mwenyewe.

Tuliondoka Kairo alfajiri ya Ijumaa. Siku mbili zangu zilikuwa zimebaki mchana mmoja. Sikuwa na wasiwasi sana. Nilihesabu kwa vidole: nikitua asubuhi, mpaka magharibi nina saa nyingi. Jua la Mombasa halina hila. Mwaka mzima nawasha mishumaa ya Sabato saa kumi na mbili jioni, na mama yangu kabla yangu aliwasha saa hiyohiyo. Daudi aliwahi kuniambia kuwa Landani mchana wa Desemba ni mfupi, nami nikadhani anasema kama tunavyosema mwezi umekuwa mfupi.

Uwanja wa ndege hadi Southall

Nilitoka saa nne na nusu asubuhi. Daudi hakuwepo. Nilisimama pale watu wanaposubiriana, nikisoma majina kwenye makaratasi ya madereva, na hakuna karatasi iliyonitaka. Nusu saa ikapita. Nikawaza: ameambiwa asije. Barbara amemwambia mwache mama yako akae huko mpaka Sabato iingie, mkanda usifike, na mambo yaishe kimyakimya. Mtu aliyekosa usingizi siku mbili huwaza hivyo bila taabu.

Nikaingia kwenye kibanda cha simu nikapiga nyumbani kwao. Sauti ya Naomi ikaniambia niache ujumbe baada ya mlio. Mlio ukalia. Mimi sikusema neno, kwa sababu sijui maneno yanayoachwa kwenye mashine husikilizwa na nani. Nikakata. Daudi ameshawaambia kuwa aliambiwa na shirika la ndege kuwa tunatua adhuhuri, kwamba alifika dakika kumi baada ya mimi kuondoka, na kwamba neno moja tu kwenye mashine lingetuokoa wote. Ni kweli. Hilo nakubali.

Nilikuwa na anwani ya mtu mmoja tu mwingine, Harbans Kaur. Wazee mnamkumbuka, yule Singasinga mshona nguo aliyekuwa na cherehani mbili karibu na nyumba yetu kabla familia yao haijahamia Uingereza. Nilikuwa nimembebea achari ya ndimu. Yeye anakaa Southall, si mbali na uwanja, basi moja tu. Nikaona nitapumzika kwake, nipige simu tena, niende zangu alasiri.

Nilipofika ule mtaa nilishuku nimepanda basi la kurudi nyumbani. Maduka ya vitambaa yalikuwa yamemwaga nguo mpaka njiani, bizari ilinukia, na mzee mwenye kilemba alikuwa akimgombeza mwenzake kwa Kipunjabi, akafika kwenye tusi akalitoa kwa Kiswahili cha Nakuru.

Harbans alinifungulia mlango, akanitazama miguu kwanza nilivyovaa viatu vya wazi katika baridi ile, kisha akanikumbatia. Hakuniuliza nitakula nini. Tangu utotoni nyumba yao ilikuwa na sufuria yangu, isiyopikiwa nyama, na mama yake aliitundika peke yake ukutani. Akanipa mayai ya kuchemsha, machungwa, na chai katika glasi. Nilitaka kulia kwa zile glasi. Alikumbuka kuwa naziamini kuliko vikombe vya watu.

Akaniambia nimwonyeshe hiyo kazi. Nikaukunjua mkanda juu ya kitanda chake, mita sita, kuanzia jina la Yona hadi dua ya mwisho: herufi za Kiebrania zenye mapezi, samaki changu wakipita katikati yake, korosho ukingoni kote. Harbans aliutembeza mikononi mwake polepole. Alisifu rangi. Alisifu mshono. Halafu akaurudia tena, safari hii upande wa nyuma.

"Esta, nguo hii haijamlaza mtoto," akasema.

Nikamwambia wazungu wana mashine kali za kufulia.

"Mimi nimelea watoto wanne na nimeshonea wa watu wengine mia. Nguo ikishafunika mtoto hulegea pale alipolala. Hii ni ngumu mwanzo mpaka mwisho, wanga wake bado umo. Imeloweshwa mara moja tu, tena kwa maji baridi. Lakini wewe si unajua? Wewe ndiye fundi."

Nilijua. Nilijua tangu siku ile nilipofungua bahasha, na nilikuwa nimechora miezi sita juu ya kitu nilichokijua. Nilikasirika, si kwa Harbans. Yeye akatazama dirishani, akaniuliza Sabato ya leo nitawashia wapi mishumaa. Nikasema kwa Daudi, saa kumi na mbili.

"Saa kumi na mbili?" Akanigeuza kwa mabega nitazame nje. "Tazama jua liko wapi. Hapa likizama leo saa kumi haijafika."

Jua lilikuwa limelala juu ya mapaa ya nyumba, jeupe, limechoka, na ilikuwa saa saba na nusu mchana.

Southall hadi katikati ya mji

Harbans alinivalisha koti la marehemu mumewe na soksi zake mbili mbili, akaniandikia karatasi: treni hadi Ealing, kisha ya chini ya ardhi mstari mwekundu, kisha mstari mweusi hadi Golders Green. Akanipakia kwenye behewa yeye mwenyewe. Kabla ya kutoka tulikuwa tumepiga tena nyumbani kwa Daudi, mashine ikajibu tena, na safari hii Harbans alininyang'anya simu akaiambia mashine ninakwenda.

Ndani ya treni ya chini kila mtu alikuwa ananitazama huku akijifanya hanitazami. Kijana mmoja aliutazama mzigo wangu wa shuka mara tatu, nami nilihesabu. Tulipofika kituo kikubwa cha katikati ya mji ninapotakiwa kubadilisha, nikauingiza mkanda ndani ya sanduku langu la nguo, nikalifunga kwa ufunguo. Njia zilikuwa nyingi na watu wanakimbia pande zote. Nikaliegemeza sanduku kwenye nguzo, nikasogea hatua kama kumi kwenda kumwuliza mtu wa dirishani, jicho langu moja likiwa nyuma.

Nilipokuwa kwenye foleni sauti ikatangaza jambo juu, na mara watu wote wakageuka kama maji ya mfereji. Nikasukumwa kwenye ngazi. Nikasema sanduku langu, nikalisema kwa Kiingereza, kwa Kiswahili, na kwa Kijerumani cha baba. Hakuna aliyesimama. Nikajikuta barabarani kwenye baridi, nyuma ya utepe wa polisi, na polepole nikaelewa kilichotutoa chini. Miaka hii Landani bado inaogopa mabomu, na mzigo usio na mwenyewe ni bomu mpaka ijulikane vingine. Bomu lenyewe lilikuwa sanduku langu.

"Ewe Mola, nimekwisha," nikasema.

"Shikamoo mama," sauti ikajibu kando yangu. "Umekwisha kwa lipi?"

Alikuwa mwanamume wa makamo, mweusi, mwenye koti la kung'aa la wafanyakazi wa kituo. Badala ya kufurahi nilirudi nyuma. Nani huyu katika mji wa watu wengi kiasi hiki anayesimama karibu yangu hasa na kujua lugha yangu? Nikamwitikia marahaba tu. Akasema anaitwa Salim, mzaliwa wa Vuga, Zanzibar, na akaniuliza kama nimepotelewa na kitu. Nikasema hapana.

"Mama," akasema taratibu, "chini kuna sanduku la kahawia limefungwa kamba ya mkonge. Kamba ile mimi naijua. Likikosa mwenyewe, wataalamu wakifika watalilipua. Si utani. Nakuuliza mara ya pili."

Hapo nikakubali kuwa ni langu. Akanipeleka kwa polisi wawili, nao wakawa na maswali yao: mna nini ndani, nani alikufungia, kwa nini uliliacha, kwa nini umevaa koti la kiume. Jibu la koti halikuwaridhisha. Nilipowaambia ni leso ya kufunga Torati, mmoja akamtazama mwenzake. Salim akaniambia niseme kitu kilichomo ambacho mtu mwingine hawezi kukijua. Nikawaambia maneno yaliyoandikwa kwenye kitambaa. Wakateremka na ufunguo wangu, na kwa dakika ishirini nikatazama saa ya ukutani ya duka la ng'ambo ya barabara. Ilipofika saa nane na dakika hamsini wakapanda nalo.

Polisi alimtaka Salim ayasome yale maneno. Akaushika mkanda, akatafuta katikati ya herufi za Kiebrania, akayaona. "Sijakuona, nimekufunika," akasoma, kisha akasoma tena kimoyomoyo, midomo ikicheza. Akauliza nani ameiandika kanga hii. Nikamwambia mimi.

"Mama yangu alinipa kanga nilipoondoka," akasema. "Mwaka wa kumi na sita huu. Sijaikunjua hata siku moja."

Alinipitisha mlango wa wafanyakazi, akanishusha hadi mstari mweusi, akasimama mpaka milango ikafungwa. Treni ilipoondoka nilifungua sanduku kuangalia kama hakuna kilichopungua. Hakikupungua kitu, na niliona haya, lakini nilikuwa nimeshaangalia.

Golders Green kabla ya jua

Nilibisha hodi kwa Daudi saa tisa na dakika ishirini. Barbara ndiye aliyefungua. Mkwe mwenzangu huyu ni mwanamke mrefu, nadhifu, mwenye kusema samahani hata akikanyagwa yeye. Akanishika mikono, akasema maskini wee, ingia, chai, Daudi bado yuko uwanja wa ndege anakutafuta. Naomi akatoka jikoni na unga mikononi. Nilisimama palepale kwenye zulia na koti la watu.

Nyuma ya Naomi akatokea Yona. Ndiyo mara ya kwanza kumwona mjukuu wangu. Ana masikio ya baba yangu. Mkononi alikuwa amekumbatia kitambaa, ncha moja kinywani, kimefubaa, kimechanika pindo, na juu yake, kwa shida, niliona mkia wa samaki changu.

Kile kipande cha pili cha jozi hakikuwa kimetupwa. Kilikuwa pale, kimelaliwa miaka mitatu.

Nikamwuliza Barbara ni kipi alichofunikwa mtoto siku ya nane. Niliuliza wazi, bila salamu. Naomi akatazama chini. Barbara akawa mwekundu mpaka shingoni, na kwa mara ya kwanza hakusema samahani.

"Hicho alichokishika," akasema. "Kilikuwa na damu. Nilikifua, haikutoka yote. Niliona aibu kumpelekea msanii kitu kichafu achore, na kulikuwa na kingine kilekile, kipya. Sikujua kuna tofauti. Kwetu desturi hii hatuna. Ulipomwuliza Naomi ndipo nikajua nimekosea, nikadhani umeshaanza kuchora. Nikamwomba Naomi anyamaze."

Kwa hiyo shaka yangu ilikuwa ya kweli, na sikupata utamu wowote. Miaka mitatu nilikuwa nimemwona mwanamke anayetaka kufuta jina letu. Aliyesimama mbele yangu alikuwa mwanamke aliyeogopa kuonekana mchafu mbele ya mgeni.

Saa ilikuwa tisa na nusu. Baada ya jua kuzama hakuna kukata, kushona wala kubeba. Naomi akasema mkanda ni mzuri mno, tuupeleke hivyohivyo, nani atajua? Na ni kweli, hakuna ambaye angejua. Nilifikiria ile miezi sita. Nilifikiria jinsi kila mshono utakavyoharibika nikiugusa. Kisha nikakaa chini sakafuni nikamwomba Yona kitambaa chake.

Nilimwomba kwa Kiswahili. Anakisikia, Daudi humsemesha, ila majibu ni ya Kiingereza. Akasema ni chake. Nikamwambia najua, nataka kipande chembamba tu cha pembeni. Akautazama mkasi, akanitazama mimi, akautazama mkasi tena. Nilijiona kama niko mbele ya kioo. Nikampa Barbara mkasi, kwa kuwa yeye anaaminiwa, na Yona akashika upande mmoja nami mwingine. Kabla ya kukubali alitaka aonyeshwe kwanza ni wapi patakapokatwa. Alipoonyeshwa akafikiri, akasema sawa.

Barbara alikata ule ukingo wenye alama ya damu. Ilikuwa ndogo, ya kahawia, kama ukubwa wa shilingi. Alikata polepole, hakupinda. Nikafungua mshono wa ncha moja ya mkanda, nikaunga kile kipande kwa uzi wa bluu wa Naomi, rangi isiyokubaliana na chochote. Hakukuwa na muda wa rangi wala herufi. Sinagogi ni mtaa wa pili. Naomi akautia mkanda kifuani, akatoka mbio na aproni yake, akarudi anahema wakati Barbara ameshika kiberiti mkononi akimsubiri. Tukawasha mishumaa sote watatu. Daudi aliingia nyuma yetu akiwa na uso wa mtu aliyemtafuta mama yake tangu adhuhuri, akafungua kinywa, akaona mishumaa, akakifunga. Yake niliyasikia Jumapili.

Sinagogi

Asubuhi mlangoni pa sinagogi kulikuwa na kijana mlinzi wa kujitolea. Aliwapitisha wote, mimi akanisimamisha. Mwanamke mwenye gauni la kitenge na koti la kiume, uso uliochomwa na jua, Kiingereza cha Mombasa. Akaniuliza nimetoka wapi, naenda kwa nani, wiki hii tunasoma sura gani ya Torati. Nikamjibu, nikamwongezea na ya wiki ijayo. Mkwe mwenzangu aliona aibu kwa niaba yao. Mimi nilimpenda yule kijana. Ndiye mtu pekee Landani aliyenishuku waziwazi, bila kunipa chai kwanza. Kwetu mimi ni mzungu wa leso, na hapo nilikuwa bibi wa Kiafrika. Nimezoea kusimama mlangoni.

Wanawake tulikaa juu. Daudi alimbeba Yona mpaka mbele, na gombo likanyanyuliwa, likakunjwa, likakalishwa. Mzee mmoja akaanza kulifunga mkanda wangu. Hakuijua desturi, na hakuwepo wa kumfundisha. Akaanzia ncha iliyopambwa.

Niliona samaki wa kwanza wakizama, na jina la Yona, na dua, mzunguko juu ya mzunguko, kazi yangu yote ikifunikwa na kazi yangu mwenyewe. Kilichobaki nje, alipoingiza ncha, ni kile kipande kilichofubaa chenye uzi wa bluu. Watu wakanyoosha shingo waone mchoro wa bibi kutoka Afrika, wakaona tambara. Iliniuma, sitawadanganya. Nilitaka kupiga kelele aufungue aanze upya. Nilishika ukuta wa roshani, na Barbara, bila kunitazama, akauweka mkono wake juu ya wangu, akauacha hapo mpaka gombo likarudishwa kabatini.

Jumapili

Mtunza sinagogi alimweleza Daudi kuwa mkanda utawekwa kabatini mpaka Yona afikishe miaka kumi na mitatu. Akasema kwa heshima kwamba ameona kipande cha mwisho hakijamalizika, labda kwa haraka, na kama nataka niuchukue siku ile niumalize, kwa kuwa ndicho kitakachoonekana.

Barbara alinifungulia meza yake ya kulia chakula, akatandika magazeti. Nilipanga rangi zangu. Nafasi ilitosha samaki mmoja na maneno mawili. Nilijua hata ni samaki gani. Nilichovya brashi, nikauinua mkono, nikakaa hivyo mpaka rangi ikaanza kudondoka kwenye gazeti. Miaka thelathini sijapata kuacha nguo ina nafasi tupu. Mwenye duka angesema nimemwibia. Nikaitazama ile alama ya kahawia, na nyuzi zilizotafunwa, na pale pembeni ambapo rangi yangu ilikuwa imefutika kwa mate ya mtoto.

Barbara akaniuliza kama nimekosa rangi. Nikamwambia hapana, rangi zipo.

"Basi kwa nini huchori?"

"Hapa ameshaandika mwenyewe," nikasema.

Akainama akaitazama ile alama. Kisha akaichukua brashi mkononi mwangu akaenda kuiosha.